Mlimwacha Wapi?

Swali hilo niliulizwa Ikutha, uani kwa rafiki yangu, na mama yake mzazi. Ilikuwa Februari, ndengu zilikuwa zimevunwa, naye alikuwa amekaa kwenye kigoda akizipepeta. Hakunipigia kelele. Alisikiliza hadithi yangu ya Mlima Kenya hadi mwisho, akamwaga makapi pembeni, kuku wakaja mbio. Kisha akauliza: "Kwa hivyo nyinyi mliendelea. Yeye mlimwacha wapi?"

"Mahali pazuri, Mama. Nyuma ya mwamba, pasipo na upepo."

"Na barafu?"

"Ilikuwepo. Kidogo."

Akarudi kwa ndengu zake. Nilitamani anitukane. Angenitukana ningejitetea, maana utetezi nilikuwa nao tele. Tangu tushuke nilikuwa nimeusikia kwa kila mtu kwenye kundi letu la WhatsApp, na nilikuwa nimeuhifadhi kichwani kama mwanafunzi anayengoja mtihani. Hakuniuliza utetezi. Aliniuliza mahali.

Basi nina kesi, na mshtakiwa ni sisi, vijana wa Nairobi wa kupanda milima wikendi. Sisemi "wao." Mimi ni mmoja wetu. Nimepanda Ngong nikiwa na njaa, nimezunguka Longonot na vumbi hadi kwenye meno, nimechafuka kwa matope ya Aberdare nikaapa sirudi, wiki mbili baadaye nikarudi. Nazipenda hizi safari. Nimepata marafiki wa kweli ndani ya matatu ya saa kumi alfajiri. Ndiyo maana lazima mmoja wetu aseme: tumejifunza kupanda pamoja, hatujajifunza kugeuka pamoja. Na kundi lisilojua kugeuka pamoja halina kazi kule juu kwenye barafu. Libaki Karura.

Rafiki yangu ni fundi wa pikipiki Ikutha. Tulikaa dawati moja shule ya msingi. Mimi nilikuja Nairobi, yeye akabaki, lakini urafiki wetu haukuwahi kuhitaji kuelezwa. Ikutha iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na barafu tuliyoijua utotoni ni ile ya rangi ya kunyonya, inayoyeyuka hadi kwenye kiwiko kabla hujafika nyumbani. Miaka yote alikuwa na hamu moja: kuona barafu ambayo hakuna mtu aliyeitengeneza.

Alikuwa pia na hoja. Alisema mlima ule una deni na Ukambani. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf aliuona kwa mbali akiwa Kitui, alikokuwa mgeni wa Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Kivoi alikuwa ameshamweleza kwamba mlima huo mweupe upo. Jina ambalo Krapf alilisikia huko ndilo lililokuja kuwa jina la nchi nzima. Wengine husema asili yake ni nyaa, yaani mbuni kwa Kikamba, kwa sababu vilele vile vina weusi na weupe kama manyoya ya mbuni dume. "Sisi ndio tuliwaambia," fundi wangu alikuwa akisema, "halafu kupanda wanapanda wengine." Na akikumbuka Kisoi Munyao ndiyo basi kabisa: Mkamba aliyepandisha bendera ya Kenya pale Point Lenana usiku wa kuamkia uhuru, 12 Desemba 1963. Rafiki yangu alitaka kusimama palepale. Si kwa ajili ya Instagram, simu yake hata ina kioo kilichopasuka.

Kuna sehemu moja ya hadithi ya Krapf ambayo sote wawili hatukuitilia maanani. Akiwa Kitui alikutana pia na mtu kutoka Uembu, anayeishi siku chache tu kutoka mlimani. Mtu huyo alimwambia amefika huko mara nyingi, lakini hakupanda juu sana, kwa kuwa kuna kitu cheupe kinacholeta baridi kali. Kule London mwanajiografia William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga Afrika, alikuwa akibisha kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Huku kwetu mtu alikuwa akisema bila aibu yoyote: nilifika, nikaona baridi, nikarudi. Hakuna aliyemwita mnyonge. Yeye ndiye aliyekuwa na habari sahihi.

Sasa njoo kwa ratiba yetu. Bango liliandikwa kwa herufi kubwa: siku tatu, Point Lenana, mita 4,985, chakula na usafiri ndani ya bei, lipa kwa M-Pesa kwa mafungu. Chini kabisa: "Sisi ni familia." Mwandalizi simtaji, kwa sababu ukimwondoa huyo atakuja mwingine na bango lilelile. Bango hilo ni sisi tuliolitaka. Siku tano hatuzinunui. Bosi hatoi ruhusa, Jumatatu ni kazi, na siku tano ni pesa.

Hesabu yenyewe ni hii. Alhamisi rafiki yangu alipanda matatu Ikutha, akapitia Kibwezi, akafika Nairobi usiku. Ijumaa tulilala Met Station, mita 3,050. Jumamosi tulikanyaga kinamasi kile cha Naro Moru kinachopanda kama ngazi, tukalala Mackinder's, karibu mita 4,200. Jumapili saa nane usiku tuliamshwa twende kileleni. Madaktari wa milima hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze mahali pako pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Sisi tuliongeza zaidi ya mara mbili ya hapo, kisha tukalala saa tano hivi, kama huko ni kulala. Na kule Lenana hewa unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni unayopata ukiwa ufukweni Mombasa. Mtu aliyekuwa akikaza nati Ikutha Alhamisi mchana alitakiwa awe hapo Jumapili alfajiri.

Watu hufikiri ikweta haina majira ya baridi. Inayo, ila kule juu hayangoji mwezi wake. Mchana jua linakuchoma pua, usiku unapoingia ni baridi kali kabisa, na alfajiri ndiyo mbaya kuliko zote. Desemba na Januari anga huwa safi, nyota zimejaa, na kwa sababu hiyohiyo joto lote huondoka. Maji yaliyotiririka njiani jioni huganda. Unaelekeza tochi ya kichwani chini, unaona jiwe, unalikanyaga, kumbe juu yake kuna barafu nyembamba kama kioo cha simu. Mguu unakwenda wenyewe.

Tulitoka tisa, na waongozaji wawili. Tulikuwa tumeahidiwa watatu. Kabla ya saa tisa usiku dada mmoja alitapika, akasema imetosha, mwongozaji wa nyuma akashuka naye. Uamuzi safi kabisa. Tukabaki wanane na mwongozaji mmoja kwenye ule mteremko mrefu wa changarawe, ambapo unapiga hatua mbili unarudishwa moja. Rafiki yangu alikuwa wa mwisho. Nilisikia akikohoa. Nilisikia pia akiacha kutania, na mtu anayemjua yule jamaa anafahamu kwamba hiyo ni dalili kubwa kuliko kikohozi.

Karibu na kibanda kile kiitwacho Austrian Hut, akaketi. Akasema kichwa kinapasuka. Mwongozaji akaja, akammulika machoni, akatuambia kwa sauti ya kawaida: "Huyu anashuka. Mimi nashuka naye. Na kwa kuwa niko peke yangu, nyote mnashuka."

Hapo ndipo ilipo kesi yangu. Yule mwongozaji alisema kweli, tukamgomea. Wasee walianza: ati tumetoka mbali, ati kilele kile pale tunakiona, ati nusu saa tu, ati pesa zetu. Mtu akasema tupige kura. Fikiria hilo. Kura! Saa kumi na moja alfajiri, watu wasio na oksijeni ya kutosha kichwani wanapiga kura kuhusu mtu ambaye ana kidogo kuliko wao. Rafiki yangu mwenyewe akasema, "Endeni tu, nitawapata." Tukalipokea neno hilo kama risiti. Tukamsogeza nyuma ya mwamba, tukamwachia chupa ya chai na biskuti, tukamwonyesha kibanda kwa kidole: ukiona baridi imezidi, ingia pale. Mwongozaji akanyamaza. Mshahara wake na bahashishi yake vilikuwa mikononi mwetu, na sote tulijua.

Mkono wangu niliunyoosha. Naandika hivyo ili usije ukadhani nilikuwa pembeni nikilia.

Ile picha ya kileleni bado ninayo. Jua linachomoza, nyuso zimevimba, bendera imeshikwa na watu wawili. Tuko saba. Garini tulikuwa tisa.

Tulipomrudia zilikuwa zimepita karibu saa mbili, maana ile nusu saa ya watu wa mlimani haijawahi kuwa nusu saa, hasa njia ikiwa ni barafu. Hakuwa ameingia kibandani. Hakuwa hata na wazo la kibanda. Glavu moja alikuwa ameivua, zipu ya jaketi iko wazi, anaongea Kikamba na mama yake kuhusu mbuzi fulani. Mwaitu hiki, mwaitu kile. Pembeni yake aliketi mpagazi wa kundi lingine, mzee kidogo, amemfunika kwa koti lake mwenyewe na kuushika ule mkono mtupu kwapani mwake. Alikuwa na mzigo wa wateja wake wa kufikisha. Alikuwa ameuweka chini.

Akatutazama mmoja mmoja. Akauliza, "Huyu ni wa nani?"

Hakuna aliyejibu haraka.

Tulimsimamisha, akayumba kama aliyetoka kunywa kaluvu tangu jana. Watu wa milimani wanalijua yumba hilo. Ukiona mtu hawezi kutembea mstari ulionyooka, kisigino kikigusa kidole, ubongo unavimba, na dawa ya kwanza ni kushuka, sasa hivi, hata kama ni usiku, hata kama kilele kiko hatua kumi. Yule mpagazi alimshika upande mmoja, mwongozaji wetu upande wa pili. Mackinder's hakuweza kusema ni siku gani. Met Station aliomba chai. Mlima huo unakupa msamaha ukishuka mapema, na sisi tulipata msamaha ambao hatukuustahili. Ila vidole viwili vya mkono wa kulia vilikaa na ganzi, na mpaka leo akishika nati ndogo hazihisi vizuri. Fundi. Vidole.

Sasa utetezi. Nautaja wote, kwa sababu nimeutumia wote.

Wa kwanza: ni mtu mzima, alitia sahihi fomu, na mwenyewe alisema tuendelee. Ndiyo, alisema. Lakini kiungo kinachokosa hewa kule juu ndicho hichohicho kinachotoa ruhusa. Mgonjwa wa mlima huwa wa mwisho kujua kwamba anaumwa. Kukubali "endeni tu" ya mtu wa namna hiyo ni kama kukubali funguo za gari kutoka kwa mlevi anayekuambia yuko sawa, kisha kusema alinipa kwa hiari. Tena kuna jambo ambalo sisi Wakenya tunalielewa vizuri sana: hakuna anayetaka kuwa ndiye aliyewaharibia wengine safari. Mtu aliyekuja na viatu vya kuazima, akalipa kwa mafungu, akiwa mgeni kati ya watu wa Nairobi wanaotaniana kwa Sheng, huyo atanyamaza hadi aanguke. Heshima yake tuliitumia dhidi yake.

Wa pili: hakujiandaa, ametoka joto la Ikutha, angefanya mazoezi. Huu ndio utetezi wa kitoto kuliko wote. Ugonjwa wa mwinuko hausomi saa yako ya mazoezi. Mtu mwenye nguvu huupata sawa na asiye na nguvu, na mara nyingi kijana mwenye mapafu ya mbio ndiye anayeumwa, kwa kuwa yeye ndiye anayeweza kupanda haraka kuliko damu yake inavyozoea. Ikutha haikuwa kosa lake. Kosa lilikuwa ratiba, na ratiba tuliichagua sisi.

Wa tatu: wengine pia tumelipa. Kweli, na pesa si majani. Lakini tuseme wazi tulichokuwa tukilinganisha, maana pale juu hakuna aliyekitaja: upande mmoja nauli na ada ya wikendi moja, upande wa pili mtu. Kama mizani hiyo ingewekwa mezani mchana, chini, mtu ameshiba, hakuna hata mmoja wetu angeinyooshea mkono.

Wa nne ni mpya, na ndio unaonikera, kwa sababu umevaa nguo za watu wema. Unasema: barafu inaisha, tuione sasa kabla haijapotea. Ni kweli inaisha. Mwaka 2021 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilieleza kwamba barafu za milima ya Afrika Mashariki huenda zikatoweka kufikia miaka ya 2040, na ile ya Mlima Kenya inatarajiwa kutangulia kwa takribani muongo mmoja. Ukisimama karibu na Austrian Hut ukitazama kilichobaki cha barafu ya Lewis, unaona kitu kama shuka lililofuliwa hadi likachakaa. Inauma. Lakini barafu inayokuangusha si hiyo inayoisha. Ni ile ya njiani inayozaliwa kila usiku, na itaendelea kuzaliwa. Huwezi kulilia barafu na kumwacha mtu juu yake.

Nimekitaja kibanda hicho mara kadhaa. Hebu nikwambie kwa nini kipo, kwa kuwa mimi mwenyewe nilijua baadaye sana. Septemba 1970 madaktari wawili vijana kutoka Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walipanda Batian, kilele kikuu cha mita 5,199. Wakianza kushuka jiwe liling'oka, Judmaier akaanguka, mguu ukavunjika vibaya. Oelz alishuka kutafuta msaada, kisha akapanda tena kule kwenye miamba na barafu kukaa na mwenzake. Uokoaji ulichukua zaidi ya wiki. Wakweaji wa Mountain Club of Kenya waliingia kazini, wengine wakasafiri kutoka Innsbruck, na rubani Mmarekani Jim Hastings akafa helikopta yake ilipoanguka. Judmaier aliishi. Oelz baadaye alikuwa miongoni mwa watafiti wakubwa wa ugonjwa wa mwinuko, ugonjwa uleule uliomkalisha rafiki yangu chini. Na kibanda kilijengwa kwa msaada wa Austria, kama shukrani kwa uokoaji huo.

Kwa maneno mengine, pale pana jengo lililosimama kwa sababu kuna mtu aliyepanda tena kumfuata rafiki yake. Sisi tulimwacha wetu mita chache chini ya jengo hilo, tukamwonyesha kwa kidole.

Usiniambie mfano huo ni wa mabingwa. Wetu ulikuwa rahisi mara mia. Hatukuhitaji helikopta wala kamba. Tulihitaji watu wanane wageuze visigino.

Nikiwa mtoto Ikutha tulikuwa tukienda mtoni na punda kuchota maji kwenye visima vya mchangani. Msafara ulitembea kwa mwendo wa punda anayechechemea. Sitaki kukudanganya kwamba watu wa kwetu ni wema kuliko wengine, tunagombana kama watu wote. Ilikuwa hesabu tu: ukimwacha punda nyuma, umeacha maji. Nairobi tumejifunza hesabu nyingine, kwamba kila mtu amebeba kilele chake mwenyewe mgongoni, na anayechelewa anakupunguzia. Hata maneno yetu yamebadilika. Tukishuka tunasema "nimejishinda." Hakuna anayesema "tulirudi."

Basi ninataka nini? Sitaki watu waache kupanda. Nataka tuache kununua siku tatu. Ongeza usiku mmoja, ikiwezekana miwili, upunguze safari nyingine za mwaka. Kabla ya kuondoka kambini, watu wapangwe wawiliwawili kwa majina, rafiki na rafiki, na ijulikane kwamba mmoja akigeuka, wa pili anageuka naye bila mjadala na bila kusemwa. Saa ya kugeuka ikubaliwe chini, tukiwa na akili zetu, si juu. Wa polepole atembee mbele, si nyuma gizani ambako kikohozi chake hakisikiki. Na neno la mwongozaji lisipigiwe kura. Bahashishi yake itolewe kabla ya kupanda, ili akisema "nyote mnashuka" asiwe anasema huku akihesabu ada za shule za watoto wake.

Mtanicheka mkisema hiyo si safari, ni mkutano wa kijiji. Sawa. Mkutano wa kijiji haujawahi kumsahau mtu kwenye barafu.

Nilirudi Ikutha tena mwezi uliofuata. Rafiki yangu alikuwa chini ya mti, pikipiki imefunguliwa matumbo, kijana mmoja anajifunza kazi karibu naye. Nati ndogo sasa anamwachia huyo kijana. Nilimwomba msamaha, safari hii bila utetezi. Akaendelea kufuta mikono kwa kitambaa kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mimi barafu niliiona. Si mbaya. Lakini nilikuita, unajua? Nilikuita sana."

Sikumsikia. Nilikuwa nusu saa mbele, napigwa picha.

Kwa hivyo wewe unayesoma hili ukiwa na bango kwenye simu yako na fungu la kwanza tayari kwenye M-Pesa, usiulize kwanza kama chakula kimo ndani ya bei. Andika swali moja tu kwenye kundi, mbele ya wote: nikigeuka, nani atageuka na mimi? Halafu ngoja. Akitokea hata mmoja, nenda, mlima ni mzuri mno. Wakinyamaza, au wakikutumia vikaragosi vya kucheka, shika pesa zako. Umeshajibiwa.